Kisanduku cha Shemeji Sefania

"Mama Eliza, huyo binti yako mmemwoza kwa siri, au mnamwekea akiba?"

Swali hilo alilitupa Mama Twaha, jirani wa ng'ambo ya korongo, asubuhi ya siku ya soko, kapu la karoti kichwani na mkono mmoja kiunoni. Salama, mama yake Twaha, alikuwa mtu wa kuuliza kwanza na kukusalimu baadaye, na watu walikwisha mzoea hivyo.

Rahabu, mama yake Eliza, alikuwa ndiyo kwanza anafunga mlango wa uani. "Salamu zako umeziacha wapi, mwenzangu? Na kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Nakuuliza kwa sababu watu wa Mtae wanapanda na kuteremka mpaka barabara imewajua kwa majina. Yule mzee Timotheo, mwenye koti la kijivu, jana jioni kaingia tena kwa shemeji yako na jogoo kwapani. Leo nimepita, bado yupo, anakunywa chai. Mtu akileta jogoo mara moja ni mgeni. Akileta tena na tena ni mshenga. Sasa mbona hamuwajibu? Hata hapana ni jibu."

Rahabu akabaki na ufunguo mkononi. Hakuwa amesikia habari ya mshenga yeyote, wa Mtae wala wa mahali pengine.

"Hujui!" Mama Twaha akashusha kapu chini ili ashangae vizuri. "Basi lijue na hili. Mke wa Sefania kaniambia mwenyewe kisimani: Timotheo kaapa hii ndiyo safari ya mwisho. Basi la Mtae likiondoka mchana huu naye hana jibu, wale watu wanakwenda kuposa Gare. Kule wana ahadi ya kukaribishwa."

Tangu mume wa Rahabu alale, Mungu amrehemu, mambo ya nyumba yake yalipita kwa Sefania, kaka mkubwa wa marehemu. Hakikukaa kikao kuamua hivyo. Sefania alijitangaza mwenyewe. Siku ya matanga alisimama katikati ya watu, akashika ukosi wa koti, akasema: "Jambo lolote la nyumba hii lipitie kwangu." Kisha akaendelea kulisema. Alilisema kwenye ubatizo, akalisema kwenye mnada wa mavuno nje ya kanisa, akalisema hata kwa kondakta wa basi ambaye hakuwa ameuliza. Ilikuwa haupiti muda mrefu kabla hajalirudia, na watu waliamini, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyesema kitu.

Rahabu alirudi jikoni. Eliza alikuwa ameinamia mafiga, anapepea moto. Mama alikuwa amemtazama binti huyu kwa majuma mengi bila kumwambia lolote: maharage yanatiwa chumvi mara mbili, gauni lilelile linapigwa pasi kila Jumamosi, na siku moja kauliza, bila sababu, kama kweli njia ya Mtae ni mbaya kama wasemavyo. Sasa Rahabu alimuuliza swali moja tu.

"Eliza, Mtae kuna baridi?"

Binti akaangusha kipepeo cha kupepelea moto. "Baridi ya kawaida tu, mama," akasema. "Mtu anazoea." Kisha akajifunika uso wote kwa khanga, akabaki kama gunia lililosimama.

Basi. Kwa Rahabu jibu lilitosha. Lakini angefanya nini? Mama wa binti hamkimbilii mshenga. Angeonekana anamtembeza mwanawe sokoni. Na kwenda nyumbani kwa shemeji kumkemea mbele ya mgeni, hilo nalo haliwezekani. Alisema sala fupi njiani, maana siku hiyo hakuwa na nafasi ya kupiga magoti, akaenda kufungua chumba cha kompyuta. Fundi alikuwa anakuja, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya ghala la mboga la usharika. Ilikuwa miaka ile vitu vimefunguliwa: redio za watu binafsi, maduka ya kila rangi, mitumba mpaka ya vitu ambavyo hakuna aliyejua kazi yake. Marafiki wa usharika wa ng'ambo walileta kompyuta nne na dishi la kuweka juu ya paa, ili wakulima waweze kuuliza bei ya kabichi na matunda damu, yale mekundu ya huku milimani, kabla ya kuyapakia kwenye lori. Rahabu, mwenye darasa la saba na macho yasiyopitwa, alichaguliwa kuwa mlinzi wa chumba kwa sababu hakuwahi kupoteza kitu katika maisha yake isipokuwa mume.

Sasa, tangu mwezi ulipoandama, chumba kilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Kompyuta ziliwaka vizuri. Ziliandika kwamba zimeunganishwa. Lakini ukituma barua pepe, inakwenda isikojulikana. Haifiki na hairudi.

Fundi Zabron alikuwa amekwisha fika, amesimama nje ya mlango na begi lake la vyuma. Kijana mrefu, msafi, mwenyeji wa Mtae aliyefanya kazi zake Lushoto mjini. Ndiye aliyefunga lile dishi.

"Shikamoo, mama," akasema, akainama mpaka Rahabu akaona utosi wake.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kunywa chai kwanza, ipo kwenye chupa."

"Asante, mama, nimeshiba," fundi akauambia mwimo wa mlango.

Ndivyo alivyokuwa kila akija. Chai hanywi, kiazi hali, na kama ana neno la kumwambia Rahabu huliambia dirisha au mwimo. Rahabu alidhani ni aibu ya ujana.

Zabron akaanza kazi. Akafuata waya mmoja baada ya mwingine kwa vidole, kutoka kwenye dishi mpaka kwenye kisanduku cheupe kilichokuwa ukutani, kutoka hapo mpaka kwenye kompyuta. Kisha akaona waya mmoja wa ziada. Akaufuata nao. Ukampandisha mpaka juu ya kabati, na huko, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, kando ya maua ya plastiki, kilikuwa kimekaa kisanduku kingine, cheusi, kinapepesa taa zake kwa raha.

"Na hiki, mama, ni cha nani?"

"Zawadi ya shemeji yangu Sefania. Alikinunua Kariakoo, mtumba wa Dubai. Alisema haifai usharika mzima uwe na kisanduku kimoja, kama nyumba ya mkata."

"Nani alikiwasha?"

"Sisi wenyewe, kina mama wa zamu. Zawadi ya mkubwa utaiachaje gizani? Aje Jumapili akute haina taa, tumwambie nini? Kitambaa nimekifuma mimi."

"Ni kizuri, mama. Na huu waya wa kukiunganisha na kompyuta?"

"Kulikuwa na taa moja haiwaki. Tukaona aibu. Tulipochomeka waya, ikawaka."

Zabron akaugeuzia ukuta uso wake, na mabega yake yakatikisika kidogo. Wakati huohuo Mama Twaha akaingia. Karoti alikuwa amemwachia mwanawe auze. Habari hakumwachia mtu.

"Kuna nini? Fundi analia?"

"Silii, mama," Zabron akasema akifuta macho. "Nimeona ugonjwa. Ngojeni niwaeleze, maana kosa si lenu."

Akakaa juu ya kreti la nyanya. "Kompyuta ikiamka," akasema, "haijui mahali popote nje ya chumba hiki. Haijui dishi liko wapi, haijui Tanga wala Dar. Inachofanya ni kupaza sauti ndani ya waya: 'Jamani, kuna mwenye njia ya kutokea hapa?' Ruta, yaani hivi visanduku vya njia, husikia. Chenye njia hujibu: 'Niko mimi. Pitieni kwangu.'"

"Kama mgeni anayepiga hodi," akasema Mama Twaha.

"Hivyohivyo. Na hata kama hakuna aliyeuliza, kila baada ya muda kisanduku hujitangaza chenyewe: 'Mimi ndiye njia, na neno langu hili liwe halali kwa nusu saa.' Kabla nusu saa haijaisha, kinatangaza tena. Hivyo kompyuta mpya ikiletwa leo, hahitajiki mtu wa kuifundisha. Inasikia na kufuata."

"Na visanduku vikijibu viwili?" Rahabu akauliza.

"Hapo, mama, ndipo tulipo." Zabron akaushukuru mwimo wa mlango kwa swali zuri. "Kila kimoja husema na cheo chake. Chenye cheo kikubwa ndicho kinachofuatwa. Hiki cheupe chenye njia ya kweli ni kipole, kinasema cheo cha kawaida. Hiki cha zawadi kimetoka katika ofisi kubwa huko kilikotoka, na mpaka leo kinajitangaza kwa cheo kilekile. Kompyuta zinaamini. Hazina namna ya kuuliza, 'Wewe unayesema tupitie kwako, kwako kunatokea wapi?'"

"Kunatokea wapi?"

"Kunatokea kwenye kitambaa chako cha kufuma, mama. Nyuma hakina waya wowote wa kutokea nje."

Mama Twaha alicheka mpaka akashika kabati, na maua ya plastiki yakacheza. "Ewe! Kinapokea barua za watu kinazikalia!"

"Na ubaya wake ni kwamba hakisemi hapana," Zabron akaendelea. "Kingesema 'mimi sina njia', tungejua mapema. Kinapokea, kinanyamaza, taa zinapepesa. Kila mtu anadhani mambo yanakwenda."

Rahabu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, anamtazama fundi. Alimtazama namna alivyokaa upande upande ili asimkabili. Akatazama kikombe cha chai alichommiminia kwa mazoea, kimepoa bila kuguswa.

Mama Twaha naye akakiona kikombe, na kicheko chake kikakatika katikati.

"Fundi," akasema polepole, "wewe ni wa Mtae."

"Ndiyo, mama."

"Chai ya dukani kwa Issa unakunywa. Nimekuona kwa macho yangu, na maandazi juu yake. Ya huyu mama hunywi."

Zabron akaokota bisibisi.

"Na humtazami. Mimi unanitazama vizuri tu, hata unanikodolea. Mama Eliza, hebu niambie, mwanamume gani huku milimani anaogopa kula mbele ya mwanamke na kumtazama usoni? Si anayemwona mkwe? Uko na mkwe wako chumbani unamwuliza habari za waya!"

Fundi aliinama, akaanza kupanga bisibisi zake kwa ukubwa, kisha akazipanga upya kwa rangi.

Kwa desturi, wawili hao hawakuweza kulizungumza jambo hilo uso kwa uso, na Rahabu hakuwa mtu wa kuvunja desturi kwa sababu ya haraka. Akajiweka sawa kwenye benchi.

"Mama Twaha," akasema, "mwulize fundi kama kuna mtu wake aliyekwenda kwa shemeji yangu."

Mama Twaha akamgeukia Zabron aliyekuwa hatua moja kutoka hapo. "Umesikia, au nirudie?"

"Mwambie mama nimesikia."

"Mama Eliza, amesikia. Nami nimesikia. Hata kabichi za ghalani zimesikia. Haya, jibu, baba, basi halingojei."

"Mwambie mama," Zabron akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya fundi, "wazee wangu wamepiga hodi mpaka wamechoka. Hawajafukuzwa wala hawajakaribishwa. Kila wakienda wanaambiwa, 'Jambo limefika, ngojeni.' Wangeambiwa hapana ningelia, ningenyamaza, ningemwachia Mungu. Kutojibiwa huku ndiko kunakotumaliza. Na mzee Timotheo ameapa. Leo ndiyo mwisho."

"Mwambie," Rahabu akasema, "jambo hilo mimi nimelisikia leo asubuhi, kutoka kwako wewe na kapu lako."

Mama Twaha alifungua mdomo ili apeleke ujumbe, lakini akaona uso wa Zabron, akaona ujumbe umekwisha fika.

"Sasa wewe kichomoe tu hicho kisanduku," akasema Mama Twaha, "na Mama Eliza anitume nikamwambie Timotheo neno. Yamekwisha!"

Zabron akatikisa kichwa. "Kisanduku nikikichomoa hivihivi, mama, kompyuta hazitajua. Zitaendelea kukiamini mpaka neno lake la mwisho liishe muda, na mpaka hapo zitakuwa zinatuma kwa marehemu. Dawa yake ni kukizima kwa utaratibu. Kikizimwa vizuri, chenyewe hutangaza: 'Kuanzia sasa msipitie kwangu.' Hapohapo zinakigeukia hiki cheupe, na hakuna barua inayopotea."

"Lazima kiseme chenyewe?" Rahabu akauliza, moja kwa moja, akasahau kupitia kwa jirani.

"Lazima kiseme chenyewe."

Mlango ukatiwa kivuli. Sefania akaingia, kofia kichwani, kijiti cha meno mdomoni, mtu aliyekula vizuri na kupumzika vibaya.

Wakamwamkia. Akaitikia kwa upana.

"Nimemwacha mgeni nyumbani," akasema akivuta kiti. "Nimetoka kidogo. Nimemwambia nakwenda kushauriana."

"Na nani, mgosi?" akauliza Mama Twaha, akimwita bwana kwa Kisambaa.

"Na akili yangu."

"Umeikuta?"

Sefania akajifanya hakusikia. Akatazama juu ya kabati, akaridhika. "Naona zawadi yangu inafanya kazi."

"Inafanya mno, mzee," Zabron akasema. "Ina cheo kikubwa kuliko njia yake." Akamweleza kwa ufupi na kwa heshima, akamwambia kwamba, kwa kuwa zawadi ni yake, ingekuwa vema amri ya kukizima aibonyeze yeye mwenyewe.

Sefania alisitasita. Akauliza kama hakiwezi kuachwa kikae tu, kimya, taa zikiwaka. Akaambiwa haiwezekani. Basi akabonyeza, kwa kidole kimoja, uso ameukunja kama mtu anayetia sahihi mkataba wa nchi mbili. Taa za kisanduku cheusi zikazimika. Na mara kompyuta ya kwanza ikalia, ya pili ikafuata, barua za majuma yote zikaanza kuteremka: kabichi zinatakiwa Tanga, matunda damu yanatakiwa Dar, lori linauliza lije lini.

"Mnaona?" Sefania akasimama, kifua mbele. "Bila mimi mngekaa hapa mpaka Krismasi!"

"Kweli kabisa, shemeji," Rahabu akasema. "Asante sana. Sasa kuna jingine." Akasimama naye. Hakupaza sauti. "Watu wa Mtae wamekuja kuniposea binti. Ulipanga kuwajibu nini?"

Sefania akakohoa. Akatazama dari. "Nilikuwa nalitafakari. Jambo la binti si la kukurupuka."

"Kweli si la kukurupuka. Umeona kasoro gani? Ukoo mbaya?"

"Hapana, ukoo mzuri."

"Kijana mlevi?"

"Kijana simjui, ila wanamsifu. Mwenyewe sijawahi kumwona."

"Huyo hapo," akasema Mama Twaha, "amekaa juu ya nyanya."

Sefania alimtazama Zabron. Kisha akakitoa kijiti cha meno mdomoni, akakificha mfukoni, maana jogoo aliyemla alikuwa wa kijana huyo.

"Basi kizuizi ni nini, shemeji?" Rahabu akauliza. "Niambie tu. Mimi si mkali kwako."

"Kizuizi hakuna," Sefania akasema. Na kwa kuwa alikuwa amechoka kukimbia nyumba yake mwenyewe, ukweli ukamtoka. "Ila yule Timotheo ni mzungumzaji mzuri sana. Tunakaa tunakumbuka mambo ya zamani, ananiuliza shauri, ananiita mkubwa. Nyumbani kwangu siku hizi nani anakuja? Nikishamjibu, hatakuja tena."

Huko chini stendi, honi ya basi la Mtae ikalia, ile ya kuwakusanya abiria.

Rahabu alimtazama shemeji yake, mzee mwenye koti lililobana, na hasira aliyokuwa amemwomba Mungu asiwe nayo akakuta kweli hana.

"Atakuja zaidi, shemeji," akasema. "Mkishakuwa wakwe utamchoka. Lakini nisikilize. Naweza kumtuma Mama Twaha sasa hivi aseme ndiyo kwa jina langu. Ila Timotheo amekuzoea wewe. Neno likitoka kwangu, atasema mjane kamruka mkubwa wake, na kwenye nyumba yenye ugomvi hawachukui mke. Lazima litoke kinywani mwako. Useme kwamba jambo la Eliza wasipitie tena kwako, wapitie kwangu mimi mama yake, na kwamba mimi nimewakaribisha Jumamosi. Na siku hiyo kiti cha mkubwa kitakuwa chako. Atakikalia nani mwingine?"

Honi ikalia tena, ndefu zaidi.

Sefania alimtazama Rahabu. Akamtazama Mama Twaha, aliyekuwa ameuziba mdomo kwa ncha ya khanga kwa jitihada kubwa. Akamtazama kijana juu ya kreti, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anautazama mwimo wa mlango. Alikuwa anamtazama yeye, macho yamejaa, bisibisi imesahauliwa mkononi.

Mzee akaivua kofia, akaipangusa kwa kiwiko, akaivaa tena, akaiweka sawasawa mbele ya kioo cha kompyuta. Kisha akatoka, akashika njia ya juu inayokwenda nyumbani kwake, aliko mgeni, kwanza kwa hatua za mtu mkubwa, halafu, alipodhani ghala limekwisha mficha, mbio.